Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuseti Geini kwenye Saundi Kadi za USB za Bei Rahisi (toleo la Kusini, Mtwara na Lindi)

Haya maswali nayajibu karibu kila wiki, mengine yanakuja kwa voisi za WhatsApp za dakika nne usiku wa manane, kwahiyo nimeyakusanya sehemu moja ili mtu akiuliza namtumia tu. Mimi narekodi kwenye kijichumba Mtwara mjini, bati juu, godoro ukutani, feni ambayo lazima izimwe kila tukianza, na humo wamepita watu wa kaswida, kwaya, singeli, matangazo ya gari la spika, na mzee mmoja aliyekuja kurekodi wosia wake. Nikisema saundi kadi namaanisha vile viboksi vya USB vyenye tundu la maiki, kama Behringer UM2 na UMC22, M-Audio M-Track Solo, Scarlett Solo na ndugu zao. Zile V8, kadi za kurushia laivu zenye vitufe vya madoido, zina swali lake, la 17.

## Ya mwanzo kabisa

1. Geini ni nini, si ndo volyumu tu?

Hapana. Geini ni kiasi unachokuza umeme mdogo unaotoka kwenye maiki kabla haujageuzwa kuwa namba za kompyuta, volyumu ni kile unachosikia wewe baada ya hapo. Chukulia unachota maji kisimani, geini ni wingi wa maji unayomimina kwenye ndoo. Ukimimina yakafurika, yaliyomwagika ndo basi, hata ukija na pipa baadaye hayarudi.

Nobu iliyoandikwa PHONES au OUTPUT haigusi kabisa kinachorekodiwa. Kuna jamaa alinipigia yuko Nachingwea, kazungusha PHONES mpaka mwisho masikio yanamuuma, kwenye skrini mawimbi bado uzi mwembamba. Geini yake ilikuwa sifuri muda wote. Na ile feda (kitelezi cha volyumu) ya kwenye programu nayo ni hivyo hivyo, inakuja baada ya sauti kuingia, ukiishusha sauti iliyopasuka unapata sauti iliyopasuka ndogo.

2. Sasa nilenge namba gani?

Kwenye kidijitali ukuta ni desibeli 0 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Vipimo vyote vinahesabiwa kwenda chini kutoka hapo, ndo maana unaona alama ya kutoa. Kwa kuimba na kuongea, vilele, yaani zile sehemu kali kuliko zote, vicheze kwenye -12 mpaka -10, na sauti ya kawaida izunguke -20 hadi -18. Kama saundi kadi yako haina mita ila ina taa tu, ile ya SIG (sauti inaingia) iwake wakati anaimba, ile ya CLIP (sauti imezidi, inakatwa) isiwake hata mara moja. Hata kupepesa tu, hapana.

Ukiniuliza kati ya kuwa chini sana na kuwa juu sana bora ipi, nakwambia chini, bila kufikiria mara mbili.

3. Mbona mawimbi yangu madogo, ya prodyuza fulani yamejaa skrini nzima?

Kwasababu unalinganisha unga na ugali. Wimbo wa fulani unaouona umeshamikiswa umeshabanwa umeshapandishwa mwishoni, wewe unaangalia sauti mbichi. Huyo fulani naye faili zake mbichi ni vimawimbi vidogo kama vyako, ila hakuoneshi.

Hii tabia ya kutaka sauti iingie kubwa tumeirithi enzi za kanda. Tepu ilikuwa na mvumo wake wa shhh, ukirekodi chini mvumo unaizidi sauti, kwahiyo mafundi walisukuma juu, na tepu ikizidiwa ilikuwa inalainika pole pole, wengine waliipenda hiyo. Kidijitali hailainiki. Ikigonga 0 inakata vichwa vya mawimbi kama mtu amepitisha panga.

Na usiogope eti ukirekodi chini unapoteza ubora. Kila biti (zile 0 na 1 za kompyuta, sio biti ya muziki) inakupa kama desibeli 6, saundi kadi ya biti 16 ina desibeli 96. Vilele vikiwa -15 bado umebakiwa na 80 chini yake, na mbu wa chumbani kwako pamoja na redio ya jirani viko juu ya hapo, niamini.

4. Nafanyaje testi? Mi huwa nasema moja mbili, moja mbili.

Moja mbili ni ya kujua kama waya unafanya kazi, basi. Mtu ukimwambia "tujaribu" anaimba kinyonge kama anaogopa kuamsha mtoto, ukimwambia "haya tunarekodi" anajitutumua, akifika kwenye kiitikio anafunga macho anaachia yote. Hiyo tofauti kwangu huwa desibeli 6, kuna watu inafika 10.

Nilijifunza kwa maumivu. Dada mmoja wa kaswida, sauti laini, nikaseti kwa ubeti wa kwanza, nikaridhika, nikaanza kuchezea simu. Alipofika pale pa kupandisha taa nyekundu ikawaka na haikuzima mpaka mwisho. Tukarudia mara tano. Ile ya kwanza ndo aliyoimba kweli, hizo nyingine alikuwa anakumbuka tu alivyoimba.

Kwahiyo siku hizi nafanya hivi: namwambia aimbe kipande chenye nguvu kuliko vyote, sio mwanzo wa wimbo, mara mbili, akiwa amesimama vile vile atakavyosimama, hedifoni masikioni na biti ya muziki ikipiga kwa ukubwa anaotaka yeye (biti ikiwa kubwa na yeye anapaza, hii watu wanaisahau). Mimi naanza na geini sifuri napandisha taratibu mpaka vilele vifike -12, halafu narudisha nyuma unywele mmoja. Baada ya hapo mkono mbali na nobu. Ukiichezea katikati ya kazi ubeti wa kwanza na wa pili vitakuwa kama vimeimbwa nyumba mbili tofauti.

## Maiki

5. Nimefungua geini mpaka mwisho bado sauti ndogo, saundi kadi mbovu?

Mara nyingi sio mbovu, ni aina ya maiki. Zile za dainamiki, za kushika mkononi jukwaani, zinatoa umeme kidogo sana. Shure SM58 inatoa kama milivolti 1.85 kwa sauti ambayo maiki ya kondensa, zile za studio zinazohitaji kulishwa umeme, kama Audio-Technica AT2020 ingetoa milivolti 14.1. Hiyo ni zaidi ya mara saba, kama desibeli 17 na kitu. SM7B ambayo kila mtu anaitaka sababu kaiona kwenye podikasti iko chini zaidi, milivolti 1.12. Halafu mtu anaichomeka kwenye kiboksi cha bei ya chini kabisa anashangaa.

Kwanza sogea (swali la 6). Pili, pandisha mpaka karibu robo tatu, ukipita hapo kwenye hivi viboksi nobu huwa inaruka ghafla na mvumo unaingia mwingi, kwahiyo tega sikio mahali shhh inapoanza, rudi nyuma kidogo. Tatu, kubali vilele vya -20, pandisha baadaye kwenye programu. Kama bado haitoshi ndo ufikirie kibusti cha kukaa katikati ya waya kama Cloudlifter, kinaongeza mpaka desibeli 25, ila kinahitaji ile volti 48 (swali la 7).

6. Mdomo ukae umbali gani?

Shibiri moja. Kidole gumba kwenye maiki, kidole kidogo kwenye mdomo, hapo hapo. Dainamiki unaweza kusogea hata nusu ya hapo.

Umbali una nguvu kuliko nobu. Ukizidisha umbali mara mbili unapoteza kama desibeli 6 za sauti yako, ila mwangwi wa chumba unabaki pale pale, kwahiyo unapandisha geini na kuta zinapanda nawe. Yule mzee wa wosia kila akitaja jina la mtoto alikuwa anageuka kuangalia mlango. Mita ilikuwa inapanda inashuka kama mawimbi ya Msimbati, na hakuna setingi ya geini inayotibu hiyo. Nilichofanya nikahamisha kiti chake kikatazama mlango, maiki ikakaa katikati. Akatulia.

7. Ile 48V niwashe au nisiwashe? Itaunguza maiki?

48V ni umeme ambao saundi kadi inaupeleka kwenye maiki kupitia waya. Kondensa ya XLR (plagi kubwa ya duara ya pini tatu), washa, bila hiyo haitoi kitu. Dainamiki yenye waya mzima wa XLR haiumii ila haiihitaji, zima tu. Zile za riboni (zenye utepe mwembamba wa chuma ndani), hasa za zamani, usiziwashie. Washa na kuzima wakati geini iko sifuri na hedifoni ziko chini, ule mlio wa "pu!" unaumiza masikio. Subiri sekunde kadhaa ndo upandishe.

8. Mita iko poa ila kila nikisema P inagonga nyekundu.

Huo ni upepo, sio sauti. Sema "papa, pweza, pono" ukiwa umeweka kiganja mbele ya mdomo, utausikia. Usishushe geini kwa ajili yake, geuza maiki iangalie kona ya mdomo badala ya katikati, halafu weka chujio. La dukani likikushinda, soksi ndefu ya nailoni iliyovutwa kwenye duara la waya inafanya kazi hiyo hiyo. Khanga iliyokunjwa hapana, inakula sauti ya juu.

## Kompyuta

9. Kile kimstari cha volyumu ya maiki kwenye Windows kiwe wapi?

Kiache 100, nobu ya kwenye kiboksi ndo ifanye kazi. Ukikishusha mpaka 40 halafu ukapandisha geini kufidia, ndo mwanzo wa ile hali ya swali la 20. Na kama kompyuta inakuonesha kitu cha kubusti maiki, ujue hapo umechagua maiki ya ndani ya laptop, sio saundi kadi yako. Hii natokewa nayo hata mimi. Kwaruza maiki kwa kucha: kama mita haichezi, ila ukigonga ubavu wa laptop inacheza, umepata jibu.

Zima pia vile vikorombwezo vya kuboresha sauti vya Windows. Na kwenye Zoom kuna kitiki cha kurekebisha maiki yenyewe otomatiki, kitoe, la sivyo utakuta geini inapanda ukinyamaza na jogoo wa jirani anakuwa mgeni rasmi.

10. Nasikia sauti sikio moja tu. Na kwenye kikao wananiambia nasikika mbali.

Tatizo moja lenye sura mbili. Kompyuta inaiona saundi kadi yako kama stirio, tundu la 1 kushoto, la 2 kulia. Ukirekodi stirio na maiki moja, upande mmoja mtupu. Kwenye programu chagua kurekodi mono kutoka tundu la 1.

Programu zinazochanganya kushoto na kulia kisha zinagawa mbili zinakupunguzia desibeli 6 hapo hapo, ndo maana wanakusikia mbali wakati mita ya kiboksi iko sawa. Kwenye hali hiyo tu nakuruhusu upandishe kidogo juu ya namba za swali la 2, kama CLIP haiwaki.

11. Nikirekodi biti 24 au ile 32 ya kuelea, si siwezi kupasua tena?

Biti 24 ni nzuri, inakupa uhuru zaidi wa kukaa chini, itumie kama kadi yako inayo (UM2 na UMC22 ni biti 16, nazo zinatosha). Ila ile 32 ya kuelea ya programu ya kurekodia ya Audacity ni aina ya faili tu. Sauti ikishakatwa ndani ya kiboksi inaingia kwenye faili ikiwa imeshakatwa. Kuna rekoda maalum zinazotumia 32 ya kuelea kuanzia kwenye maiki, viboksi vya bei yetu sio hizo.

## Gitaa, miksa na ngoma

12. Gitaa na kinanda nichomeke wapi?

Gitaa la umeme kwenye tundu la INST (la ala), au bonyeza kitufe chake, sababu pikapu (kile kinachonasa mtetemo wa nyuzi) inataka tundu lenye ukinzani mkubwa, kama megaomu 1. Ukiiweka kwenye laini (tundu la LINE, la vifaa vyenye sauti yenye nguvu tayari) sauti inakuwa nyembamba na butu. Besi yenye betri ndani ikipasua kwenye INST hata geini ikiwa chini, ihamishe laini. Kinanda ni laini siku zote, volyumu yake weka robo tatu, kisha geini.

13. Nachukua sauti kwenye miksa ya harusini, inapasuka hata geini ikiwa sifuri.

Umetoa XLR ya miksa ukaichomeka kwenye XLR ya saundi kadi. Ile ni njia ya maiki, inategemea vimilivolti, wewe umeiletea mto Ruvuma. Kwenye vile viboksi vyenye tundu la kuchanganya, jeki kubwa inakwenda njia ya laini, XLR inakwenda njia ya maiki, hata kama tundu ni lile lile. Tumia jeki. Afadhali zaidi uchukue pale palipoandikwa REC au TAPE OUT, huwa pana nguvu ndogo.

Halafu ongea na fundi wa miksa mapema, kabla MC hajachangamka. Saa mbili usiku desibeli zake ni tofauti kabisa na saa tano. Mimi harusini nalenga vilele -20 wakati wa kupima, na bado kuna siku zimefika -4 wakati wa kutunza.

14. Ngoma ya asili je? Nataka kurekodi sindimba.

Ngoma ni kisirani. Pigo la kwanza la ngozi linapita haraka kuliko taa inavyoweza kukuonesha, wastani unaona -25 kumbe vilele vinagusa 0. Angalia mita ya programu yenye alama inayobaki juu, sio taa. Lenga vilele vya -18 kwenye testi, maana wapigaji wakipata moto, wachezaji wakaingia na vigelegele vikaanza, hizo 18 zote zinaliwa. Rudi nyuma hatua nne tano, maiki juu ya vichwa. Kondensa yako ikiwa na kitufe cha PAD (cha kuipunguzia maiki nguvu) kibonyeze, na dainamiki ya kawaida hapa inaishinda kondensa nyingi.

## Matatizo ya huku kwetu

15. Kuna mungurumo, ukishusha geini unapungua. Ni geini?

Geini inaukuza tu, chanzo kiko kwingine. Chomoa chaja ya laptop, rekodi kwa betri. Ukiisha, ulikuwa chaja. Mungurumo mzito wa hertz 50 ni umeme wa ukutani, ule wa zzzz wenye meno mara nyingi ni inveta ya sola ya bei rahisi, hizi huku Liwale na Ruangwa vijijini zipo nyingi. Zima inveta dakika zile za kurekodi. Simu nayo weka mbali na waya. Usije ukakata pini ya ethi ya plagi kama wanavyoshauriana watu, mungurumo ni kero, shoti ni msiba.

16. Nikizungusha nobu inafanya krrr, na sauti inapotea upande.

Chumvi ya bahari. Mtwara mjini, Mikindani, Lindi mjini, Kilwa, kila chuma kinakula kutu. Nunua spreya ya kusafishia kontakti, kadi ikiwa haina umeme, puliza kidogo kwenye mashina ya nobu na matundu, zungusha mara ishirini, acha ikauke. Mafuta ya taa na mafuta ya kula hapana jamani. Ikilala, ilale kwenye dishi la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu.

17. V8 na maiki ya BM-800 nazisetije?

Hizo zimetengenezwa kwa ajili ya laivu, sio kurekodi, ila najua msimu wa korosho ukifunguka ndo zinanunuliwa kuliko zote. Zima mwangwi na madoido yote, feda ya maiki weka nusu, muziki sifuri. BM-800 ikichomekwa kwa kipini kidogo inakula umeme mdogo tu inaopewa na kadi, kwahiyo inakuwa dhaifu na yenye mvumo. Ile ile maiki ukiipa XLR na volti 48 inabadilika tabia. Ukitaka kutumia pesa mahali, anzia hapo.

18. Inawezekana na simu?

Inawezekana kwa OTG (kile kiwaya cha kuchomeka vifaa vya USB kwenye simu), ila simu nyingi hazina nguvu ya kulisha kadi na volti 48 kwa pamoja. Dalili yake ni sauti kukatika katika hata kama mita iko sawa. Tafuta habu ya USB yenye umeme wake.

19. Imeshapasuka na msanii keshapanda basi. Kuna dawa?

Vikiwa vilele vichache, ndio. Audacity ina efekti ya Clip Fix, ila kwanza shusha sauti nzima kama desibeli 10 ili vichwa vipya vya mawimbi vipate pa kuota. Inabahatisha umbo lililokatwa, haijui alichoimba. Ikiwa kiitikio kizima ni tambarare kama meza, mpigie simu arudi.

20. Mita inasoma -15, taa haikuwaka, lakini inakwaruza. Nimechanganyikiwa.

Kuza mawimbi kwenye skrini mpaka uone moja moja. Kama vichwa ni bapa na viko -15, vilikatwa kabla ya hapo ulipopima. Tembea nyuma kutoka kwenye skrini: kimstari cha Windows kimeshushwa (swali la 9)? Miksa yenyewe inawaka nyekundu (swali la 13)? Maiki imezidiwa kwa kuwekwa kwenye ngozi ya ngoma (swali la 14)? Betri ya gitaa au besi inaisha? Hii ya betri ilinila mchana mzima na kijana mmoja wa Masasi, tumebadilisha waya tatu, tumehamisha tundu, mpaka mdogo wake aliyekuwa amekaa tu mlangoni akauliza kale kamlango ka nyuma ya besi ni ka nini.